Gh iliyopotea njiani

Fungua friji ya duka lolote kubwa la Dar es Salaam. Mtindi umekaa kwenye pakiti, na pembeni yake kikopo chenye picha ya stroberi, bei imepanda: yogati. Yote ni maziwa yaliyoganda. Vinavyoyatenganisha ni vijidudu vilivyomo, na safari ya jina.

Jina ni la Kituruki, yoğurt, ndugu wa kitenzi yoğurmak, yaani kukanda, kama ukandavyo unga wa chapati. Mahmud al-Kashgari, aliyewaeleza Waarabu lugha za Kituruki kwa kamusi aliyoiandika Baghdad miaka ya 1070, analo tayari, tena kwa herufi ghaini. Ghaini hiyo ndiyo sauti ya "ghali" na "lugha" zetu. Baadaye Waturuki wenyewe waliilegeza hadi ikabaki kuvuta irabu tu. Leo Istanbul utasikia kama "yo-urt". Wafaransa wanasema yaourt, bila g. Waingereza walishika herufi wakaiacha sauti, wakatamka g kavu, nasi tukapokea kwao. Kichekesho ni kwamba midomo iliyozoea gh imeletewa neno la gh likiwa limeshanyang'anywa.

Lakini nani anayekanda? Mwaka 1905 huko Geneva, Stamen Grigorov, mwanafunzi wa udaktari kutoka Bulgaria, nchi iliyokaa chini ya Waturuki karne nyingi, aliyachunguza maziwa ya kwao kwa hadubini akakuta bakteria wa umbo la fimbo. Leo tunamwita Lactobacillus bulgaricus. Ana mshirika, Streptococcus thermophilus, wa viduara vilivyojipanga kama shanga. Wa fimbo humega protini za maziwa, wa shanga akala vipande. Wa shanga naye hutoa asidi ya fomiki inayomchangamsha mwenzake. Kwa pamoja wanageuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Uchachu ukizidi, protini zilizokuwa zikielea hushikana zikawa wavu unaofungia maji ndani. Kukanda ndiko huko, bila mkono wa mtu. Wawili hawa wanataka joto la nyuzi 43 hivi, ilhali mtindi wa kibuyu huganda kwa joto la nyumbani tu, kwa bakteria wengine.

Ilya Metchnikoff, mshindi wa Nobel wa 1908, aliamini maziwa haya yanarefusha maisha, akayanywa kila siku. Alifariki ana miaka 71. Bado watu walimsadiki: mwaka 1919 Isaac Carasso alianza kuyatengeneza Barcelona, yakauzwa kwenye maduka ya dawa.

Faida iliyothibitika ni ndogo kuliko hiyo, ila inatugusa zaidi. Waafrika wengi wakishakua, tumbo huunguruma kwa maziwa yasiyogandishwa kwa sababu kimeng'enya cha kukata sukari yake kimepungua. Bakteria wa yogati wanakuja na cha kwao, na wanaendelea kuikata humo tumboni. Sharti wawe hai. Soma maandishi ya kikopo: kama kimepashwa moto baada ya kuganda, ule uzito upo, wakandaji wameshakufa.