Mama wa Zafarani Yuko Mlimani

Zafarani tunayoandikia kombe na kunyunyizia biriani hutoka katika ua tasa. Halizai mbegu, sharti mkono wa mwanadamu uchimbe tunguu lake na kulipanda tena. Basi lilianzaje? Swali hili ninalo tangu chuoni, nilipomwona mwalimu akichovya kalamu. Mwaka 2019 wataalamu walithibitisha: mama yake ni ua la porini, limealo kwenye vilima vya mawe vya Attica, karibu na Athens, Ugiriki. Mvua za Oktoba na Novemba zikinyesha, mtafutaji huinama kati ya mawe, akitafuta ua la zambarau lenye nyuzi tatu nyekundu. Ndugu msomaji, akiliona na alitazame tu, asiling’oe. Lenye mbegu likitoweka, tutabakiwa na tasa peke yake.