Lukemia kali: damu inayovuja, damu inayoganda



Mtu akijikata kidole kazini anakibana kwa kitambaa safi, na baada ya dakika chache damu inakatika. Hakuna anayeshangaa. Lakini kazi hiyo inafanywa na mafundi wawili walio ndani ya damu yenyewe. Fundi wa kwanza ni plakete, chembe ndogo sana zinazokimbilia penye jeraha na kujibandika pale. Mtu mwenye afya anazo kati ya 150 000 na 400 000 katika milimita moja ya ujazo ya damu, yaani tone dogo kabisa. Fundi wa pili ni protini zinazotengenezwa zaidi na ini. Mojawapo inaitwa fibrinojeni. Hiyo inageuka kuwa nyuzi, na nyuzi zinakuwa wavu wa kushika plakete mahali pake.

Kuna ugonjwa mmoja unaoharibu kazi ya mafundi wote wawili, nao ni lukemia kali. Kwenye karatasi ya hospitali utasoma kwa Kifaransa: leucémie aiguë. Ni kansa ya damu. Inaanza ndani ya mifupa, katika uboho, penye kiwanda cha kutengeneza damu. Chembe nyeupe changa, zisizokomaa, zinaongezeka mbio na kujaza kiwanda chote, na chembe nyekundu na plakete zinakosa nafasi. Tunasema “kali” kwa sababu inakwenda haraka, inahesabiwa kwa majuma. Haiambukizi. Wala hakuna jirani aliyemroga mtu, na muda unaopotea katika kumtafuta mchawi ni muda ambao mgonjwa hana.

Dalili za kwanza zinafanana na malaria: homa, uchovu, weupe wa macho na midomo. Malaria nayo inaweza kushusha plakete. Kwa hiyo watu wengi wanatibiwa malaria mara moja, mara mbili, mara tatu. Sherti uangalie jambo hili: kama dawa ya malaria imekwisha na mgonjwa bado anapungukiwa damu, na zaidi kama anatokwa damu pasipo sababu, omba apimwe damu kamili, ile kazi ya laboratwari inayoandikwa NFS, na damu yake itazamwe kwa darubini.

Damu inayovuja inaonekana wapi? Vitabu vinasema tazama vidoa vidogo vyekundu kwenye ngozi ya miguu, visivyofifia ukivibonyeza. Juu ya ngozi yetu nyeusi vidoa hivyo vinajificha. Tazama ndani ya midomo, juu ya kaakaa, katika viganja, na penye weupe wa jicho. Uliza kama ufizi unatoa damu asubuhi, kama pua inavuja muda mrefu, kama hedhi ya mama imekuwa nyingi kuliko desturi. Choo cheusi kama lami ni damu iliyotoka tumboni. Na kama mgonjwa anaumwa kichwa kwa nguvu, anatapika, anasema maneno yasiyoeleweka, analala ovyo au upande mmoja wa mwili unalegea, usingoje asubuhi. Huenda damu inavuja ndani ya kichwa, na hiyo ndiyo inayoua haraka kuliko zote.

Sasa tufike kwenye jambo linaloshangaza jamaa nyingi: mgonjwa huyo huyo ambaye damu yake haikatiki anaweza pia kugandisha damu pasipotakiwa.

Tuchukue aina moja ya lukemia kali inayoitwa ya promielositi. Mwaka 1957 munganga wa Norway, Leif Hillestad, aliandika habari za wagonjwa waliokuwa nayo, nao walitokwa damu vibaya na kufa upesi. Chembe za ugonjwa huu zinamwaga ndani ya damu vitu vinavyoanzisha kuganda kila mahali, katika mishipa midogo, ingawa hakuna jeraha. Plakete na fibrinojeni zinatumika bure. Tena mwili unayeyusha vibonge hivyo kwa kasi mno. Fikiri stoo ya kiwanda ambayo vipuri vyake vyote vimetolewa kwa kazi zisizo na maana: siku bomba kubwa linapopasuka, stoo iko tupu. Hivyo kuganda kunazaa kuvuja.

Aina hiyo iliyoogopwa kuliko zote, leo ni moja ya zile zinazopona vizuri zaidi, kama mgonjwa akivuka siku za kwanza. Mwaka 1988 wanganga wa Shanghai, China, waliandika habari za wagonjwa 24 waliopewa dawa ya jamii ya vitamini A, na karibu wote walipata nafuu kwa dawa hiyo peke yake. Baadaye iliongezwa arseniki, na mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba dawa hizo mbili, bila dawa nyingine za kansa, zinatosha kwa wagonjwa wengi ambao ugonjwa wao haujafika hatari ya juu. Ndiyo, arseniki, sumu ile ile ambayo watu wa viwanda vya shaba wanaijua. Hospitali inaipima kwa miligramu na kuchunga moyo wa mgonjwa kila wakati, kwa hiyo mtu asijaribu kitu nyumbani. Wala kunywa mafuta ya mawese, hata kama yana asili ya vitamini A, hakutibu lukemia. Munganga akishuku aina hii, anatakiwa kuanza dawa ile ya kwanza siku hiyo hiyo, kabla majibu yote hayajatoka.

Katika aina nyingine za lukemia kali damu inaweza kuganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, au wa mkono penye mpira wa kupitishia dawa. Tena dawa moja inayotumika sana kwa lukemia ya watoto, asparajinasi, inapunguza vitu vinavyozuia damu kuganda. Mguu mmoja au mkono mmoja ukivimba, ukauma na kuwa na moto, nenda hospitali. Usiukande kwa maji moto, usiuchue kwa mafuta: bonge linaweza kung’oka na kukimbilia mapafu. Mgonjwa akikosa pumzi ghafula au kifua kikimchoma, ni mbio. Na asiwepo mtu wa kusema, “Plakete zake ni chache, damu yake haiwezi kuganda.” Inaweza.

Basi munganga anatembea juu ya ukuta mwembamba. Plakete zikishuka chini ya 10 000, kwa kawaida anamtia mgonjwa plakete za mtu mwingine hata kama havuji. Katika ile ya promielositi hangoji hivyo: anajaribu kuziweka juu ya 30 000 hadi 50 000, na fibrinojeni juu ya gramu 1,5 kwa litre. Kama kuna bonge, anatoa shindano la heparini, lakini kipimo chake kinafuata plakete. Zikiwa juu ya 50 000 anaweza kutoa kipimo kamili, zikishuka anapunguza, na chini ya 25 000 mara nyingi anasimamisha. Msikasirike basi mkiona shindano la jana leo halikuja. Hakumsahau mgonjwa wenu.

Hapa ndipo jamaa na wenzake wa kazi wanahitajiwa. Plakete hazikai. Zinawekwa kwenye joto la digri 20 hadi 24, zikitikiswa, na kwa kawaida baada ya siku 5 zinatupwa. Mfuko mmoja wa damu unatoa plakete kidogo, hata mtu mzima anahitaji za watu 4 hadi 6 kwa mara moja, na baada ya siku chache anahitaji tena. Pasipo mashini ya kutenganisha damu, wanganga hutumia damu nzima mbichi, iliyotolewa karibuni, kwa maana damu iliyolala siku nyingi ndani ya friji inasaidia kwa chembe nyekundu lakini plakete zake hazifanyi kazi tena. Kwa hiyo msije kumi siku ya kwanza na kupotea wote. Pangeni zamu kama zamu za shimoni. Mwanaume mwenye afya anaweza kutoa damu kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4.

Nyumbani, asipewe asipirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Hizo zinazuia plakete chache zilizobaki zisifanye kazi. Asichomwe shindano la nyama, hata la malaria. Dawa ipite kinywani au katika mshipa. Asichanjwe chale. Na hapa nasema na akina mama na bibi zetu: asipigwe bomba la dawa nyuma, wala asiwekewe kidonge cha nyuma. Najua ni dawa ya kwanza katika nyumba nyingi, lakini kwa mgonjwa huyu inaweza kutoa damu isiyokatika na kuingiza vijidudu. Mswaki uwe laini, wembe uwekwe mbali, jino lisingolewe bila ruhusa. Pua ikivuja, akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Homa ikipanda, msiifiche kwa parasetamoli mkalala. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Neno moja kwa watu wa garaji: benzeni, iliyomo ndani ya esansi, inajulikana kuwa inaweza kuleta lukemia. Acheni kunawa mikono kwa esansi, na msiinyonye kwa mdomo katika mpira.

Mwenye mgonjwa nyumbani aandike kwenye karatasi moja jina la ugonjwa, hesabu ya mwisho ya plakete, kundi la damu na dawa zote anazotumia, aiweke ndani ya kitabu cha hospitali. Usiku mkifika dispanseri, muuguzi wa zamu huenda hamjui mgonjwa wenu. Mpeni karatasi hiyo kabla hajashika shindano.