‘Azimio la skrini’ ni tafsiri potofu, nami ni shahidi

MWEZI uliopita nilikwenda Utange, upande wa Kisauni, kumjulia hali dada yangu. Mpwa wangu ana kibanda mbele ya nyumba anamotengenezea redio, feni na runinga. Humo pia mna kabati la michezo ya video, la aina iliyowekwa zamani katika kumbi za burudani: mchezaji alisimama mbele yake, akatumbukiza sarafu, akashika kijiti na kucheza. Kijana alilinunua kwa bei ya chuma chakavu. Mitambo yake ya asili ilikuwa imekufa, ila kiwambo kilikuwa kizima. Akaingiza ndani kompyuta kuukuu yenye programu ya MAME. Programu hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Mwitaliano Nicola Salmoria, huifanya kompyuta iige mitambo ya michezo ya zamani. Jioni watoto wa mtaa walikuwa wakipanga foleni, shilingi kumi kumi mkononi.

Nilipofika, kabati lilikuwa kiza. Aliyelizima ni mimi, na nililizima kwa maneno.

Kisa ni hiki. Baadhi ya michezo haikukaa vizuri kwenye kiwambo. Wapiganaji walionekana wamekatwa vichwa. Kijana akatafuta maelekezo ya Kiingereza, akayapitisha katika programu ya kutafsiri, nayo ikamwambia abadilishe ‘azimio la skrini’. Akanipigia simu.

“Shikamoo mjomba. Azimio si kukata shauri? Sasa hii skrini yakata shauri gani?”

Nilicheka. Nikamwambia kwamba hiyo ni tafsiri sisisi, kwamba maana yake ni ubora wa picha, na kadiri nambari zinavyokuwa kubwa ndivyo picha inavyozidi kuwa safi. “Chagua kubwa,” nikasema. Akachagua 640 kwa 480.

“Kilipiga mluzi, mjomba,” alinisimulia baadaye, “picha ikararuka, kisha n’kasikia harufu ya kuungua.”

Hebu tuangalie kilichotokea. Kiwambo cha kabati lile si bapa kama cha simu. Ni cha chogo, kama runinga tulizokuwa nazo miaka ya nyuma. Ndani yake mwale wa elektroni huchora picha mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, mara 60 hivi kwa sekunde. Chukua mfano wa mkeka. Mkeka hautoki wote kwa mkupuo. Husukwa ukili kwanza, kisha kili zikashonwa ubavu kwa ubavu. Picha nayo ni mistari iliyopangwa ubavu kwa ubavu.

Viwambo vingi vya michezo hiyo vilitengenezwa kuchora mistari ipatayo 262 kwa kila picha, na kati ya hiyo ni 224 au 240 hivi inayoonekana. Zidisha 262 kwa 60, utapata 15,720. Hiyo ndiyo mistari ambayo kiwambo huchora kwa sekunde moja, na ndiyo sababu mafundi hukiita kiwambo cha kilohezi 15. Kompyuta inapotoa picha ya 640 kwa 480, huchora mistari 525 kila mara, ukihesabu na isiyoonekana. Mara 60, ni mistari 31,500. Yaani nilimwagiza msusi ashone mara mbili ya kasi yake. Transista inayouendesha mwale haikustahimili.

Kwa hivyo, katika kiwambo cha aina hii, nambari iliyo sahihi si ile kubwa zaidi. Ni ile ambayo mchezo wenyewe ulitungwa nayo, na kila mchezo una yake. Pac-Man wa mwaka 1980 ana nukta 288 kwa mistari 224, na kiwambo chake kililazwa ubavu ili picha isimame wima. Street Fighter II ya mwaka 1991 ina nukta 384 kwa mistari 224. Mortal Kombat ya mwaka 1992 ina nukta 400 kwa mistari 254, tena picha yake hurudiwa chini ya mara 55 kwa sekunde, si 60.

Mpwa wangu alikuwa ameilazimisha michezo yote iingie katika 320 kwa 240. Nukta 384 haziingii katika 320 bila nyingine kumezwa. Mistari 254 haiingii katika 240 bila picha kubanwa au kukatwa, na hapo ndipo vichwa vilipopotelea. Aidha, mchezo wa marudio 55 ukisukumwa hadi 60, ama utakwenda mbio kupita kiasi ama picha itakuwa inashtuka.

Kuna na jambo la umbo. Kiwambo kile kina upana wa 4 kwa kimo cha 3. Gawanya 384 kwa 224, utaona umbo pana zaidi ya hilo. Maana yake ni kuwa nukta za Street Fighter II hazikuwa mraba. Zilikuwa nyembamba kuliko urefu wake. Ukizionyesha kama mraba kwenye kiwambo bapa cha leo, wapiganaji wote watanenepa.

Sasa turudi kwenye lugha. Neno la Kiingereza lililotuponza lina asili ya Kilatini yenye maana ya kufungua au kulegeza. Lilizaa matawi mengi, na mawili yanatuhusu. La kwanza ni kukata shauri. La pili ni la wataalamu wa lenzi: uwezo wa kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana mno. Watu wa kompyuta walilichukua tawi hili la pili wakalivuta hadi likawa hesabu ya nukta. Neno letu ‘azimio’, lililotoka Kiarabu, lina tawi la kwanza tu. Tunalo Azimio la Arusha la mwaka 1967, na Wakenya wanaikumbuka Azimio la Umoja ya uchaguzi wa 2022. Yote hayo ni watu waliokusudia jambo. Skrini haina kusudio.

Hata hivyo, kosa la mashine lilikuwa dogo kuliko langu. Mashine ilitoa neno la ajabu, kijana akashuku, akauliza. Mimi nilimpa fasili laini ya Kiswahili fasaha, shaka ikamtoka. Nilikuwa nimelijua neno bila kukijua kitu, na ufasaha wangu ukaficha ujinga wangu.

Sisi wataalamu tumebishana miaka mingi kuhusu ‘tarakilishi’ na ‘kompyuta’, ‘rununu’ na ‘simu ya mkononi’, ‘kiwambo’ na ‘skrini’. Mijadala hiyo ina nafasi yake, lakini maneno hayo angalau huelekeza mahali pamoja. Atakayechagua lolote hataunguza kitu. ‘Azimio la skrini’ halielekezi popote.

Tulipokuwa tukisubiri transista kutoka mjini, kwa gharama yangu, nilimuuliza mpwa wangu yeye angeliitaje jambo hili.

“Mimi, mjomba, nauliza matatu: nukta ngapi, laini ngapi, na yarudi mara ngapi.”

Nilitaka kumsahihisha kuwa ‘laini’ ni ‘mistari’, nikajizuia. Alikuwa ametenganisha mambo matatu ambayo mimi niliyafunga katika fungu moja nikaliita ubora. Siku hizi anatumia GroovyMAME, toleo la programu ile linalokokotoa hayo matatu kwa kila mchezo, pamoja na kadi ya picha inayokubali kilohezi 15. Vichwa vimerudi, na foleni imerudi.

Pendekezo langu basi ni hili. Kwa viwambo, tuseme ‘vipimo vya picha’, na ndani yake tutaje nukta, mistari na marudio. Kwa lenzi na hadubini, ambako kazi ni kutenganisha vilivyokaribiana, tuseme ‘upambanuzi’. Neno ‘azimio’ tuwaachie wanaokata mashauri. Wazee waliotupa ‘kiwambo’ walilitoa katika ‘wamba’, kuvuta ngozi ikakaza juu ya ngoma. Waliiona kazi kwanza, kisha wakaipa jina. Nanyi wanafunzi wa istilahi, kabla ya kufungua kamusi, nendeni mkakae na fundi walau alasiri moja.