FUMBO LA KAMBA: JE, MKONO WAKO UNAJUA NJIA YA KUTOKA?

Ndugu mtumikaji, taa yako ikizimika ndani ya shimo, utajua upande wa kutokea? Usijibu upesi. Macho yamezoea kutuongoza kila siku, lakini mkono haujafundishwa.

Tarehe 2 Januari 2006 mlipuko ulitokea katika machimbo ya makaa ya mawe ya Sago, nchini Marekani. Watu 12 walikufa. Mwaka uleule sheria mpya ya nchi hiyo iliagiza machimbo ya makaa yaliyo chini ya ardhi yawe na kamba za kuongoza watu nje, zisizoshika moto upesi. Juu ya kamba hizo hufungwa vipande vilivyo vyembamba upande mmoja na vipana upande wa pili. Ukienda nje, mkono huteleza juu yake. Ukirudi ndani, mkono hukwama. Wavuvi wa Lualaba hapa Kindu wataelewa upesi: samaki huingia mgononi bila shida, lakini kurudi hawezi.

Hilo ni fumbo la mkono. Mwaka 2007, huko Kyoto, Japani, watu walianza mchezo wa kuingia chumbani na kutafuta njia ya kutoka kwa kufumbua mafumbo kabla ya saa kwisha. Mchezo huo umeenea duniani. Wewe nawe unaweza kuutengeneza nyumbani, pamoja na mama na watoto.

TENGENEZA HIVI

1. Kata sehemu ya juu ya chupa tano za plastiki. Zungushia kitambaa ukingo uliokatwa, usije ukachana mkono.
2. Pitisha kamba katika shingo ya kila chupa, ukapige fundo mbele na nyuma ya shingo ili isiteleze. Shingo zote zielekee ndani, upande mpana uelekee mlangoni.
3. Zungusha kamba katika nyumba, kwenye kiuno cha mtu mzima, ipite kona mbili au tatu.
4. Karibu na mlango piga mafundo mawili pamoja. Maana yake: mlango uko hapa.

JARIBU KWA MTU ASIYEJUA

Hapa ndipo wengi hukosea. Aliyetengeneza fumbo hawezi kulipima, kwa sababu jibu analo kichwani. Mwite jirani. Mweleze alama mara moja tu, mfunge macho kwa kitambaa, mzungushe, kisha mpe kamba mkononi. Angalia saa na unyamaze. Usimwambie "kushoto" wala "kulia". Andika kila mahali mkono wake unaposita.

Akipotea, usimcheke. Kosa ni la fumbo. Labda chupa ziko mbalimbali mno, labda fundo ni dogo. Badilisha jambo moja tu, halafu mwite mtu mwingine, kwa maana yule wa kwanza sasa anajua njia. Fumbo ni zuri pale mtu mgeni anapotoka bila kuuliza.

Ndivyo ilivyo kwa kila alama ya kazini. Mkubwa wa kazi akisema "alama iko wazi", mtumikaji aliyefika leo ndiye wa kuulizwa.

ANGALIENI

Mlango usifungwe kwa ufunguo kamwe. Msiwashe moto wala moshi. Ondoeni masufuria ya moto, visu na viti njiani. Mtu mmoja mwenye macho wazi amfuate mchezaji. Msichezee kabisa ndani ya shimo. Tena, kama shimo lenu lina alama zake, tumieni hizohizo katika mchezo, ili mkono usijifunze mambo mawili yanayopingana.

Mama, nawe shika kamba. Mtoto, nawe jaribu. Baba akishindwa sebuleni, hakuna hasara, atarudia kesho. Shimoni huenda asipate nafasi ya kurudia.

FUNDISHA MKONO KABLA TAA HAIJAZIMIKA!