Refa wa mchezo usio na mshindi

Mzazi anayemkuta kijana wake na wenzake wamezunguka meza, wanarusha dadu na kuzungumza habari za mazimwi, ana haki ya kuuliza. Lakini na aanze kwa kumwangalia yule mmoja aliyekaa peke yake upande wa pili, karatasi zake amezificha nyuma ya kadibodi. Huyo ndiye refa, na mchezo wote uko mkononi mwake.

Mchezo mashuhuri wa aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Refa mwenyewe ni wa zamani zaidi: katika mchezo wa vita uliofunzia maofisa wa jeshi la Prussia tangu 1824, msimamizi mmoja alipokea amri za pande zote mbili na kuamua lililotokea.

Kila mchezaji ana mhusika mmoja. Refa ana waliobaki wote: bawabu, mchuuzi, mwizi, adui. Huwaeleza wenzake walipo, kisha huwauliza, "Mwafanya nini?" Mmoja akisema anakwea ukuta, refa hutaja namba, mchezaji hurusha dadu ya pande 20, na ikifika namba ile au kuizidi, amepanda. Isipofika, refa ndiye wa kusema kama ameteleza tu au ameangukia mbele ya walinzi. Bibi zetu walisema paukwa, tukaitika pakawa, tukasikiliza. Huku wasikilizaji huipindua hadithi, na msimulizi hana budi kuifuata wanakoipeleka.

Ugumu uko hapo: adui ni wake, na hukumu pia ni yake. Akitaka kuwashinda, hakuna wa kumzuia, ila akiwaonea mara mbili hawarudi mezani. Wapo marefa wanaoigeuza kimya kimya dadu iliyoangukia vibaya ili wamwokoe mtu. Wengine huita huo udanganyifu na hurusha hadharani. Mimi niko na hawa wa pili. Mtu akishajua dadu hugeuzwa kwa faida yake, ataiamini vipi siku ikimwangusha?

Kisha kuna dadu yenyewe. Wako masheikh wanaoikataza hata pasipo kamari, na hilo nawaachia wenye elimu yao. Mzazi na aulize kabla ya kununua. Ipo michezo ya aina hii isiyotumia dadu kabisa. Huko mzigo wa refa ni mzito zaidi, kwani hana hata bahati ya kuisingizia.