Kitanda cha Ghorofa: Ramani Huchaguliwa kwa Futi, Si kwa Picha

Kitanda kirefu si kigeni pwani yetu. Walioiona samadari watakumbuka jinsi ilivyoinuka, hata mtu akahitaji kibago cha kupandia. Lakini samadari ilikuwa ya watu wazima. Siku hizi tunawapandisha watoto, tena juu zaidi, na sababu twaijua sote: vyumba ni vichache, watoto ni wengi, na mtoto akitimia miaka kumi dini yataka atengwe malazi na nduguze, kama ilivyo katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud. Godoro la juu na godoro la chini ni malazi mawili. Ama kaka na dada kuendelea kuwa chumba kimoja, hilo ni la kuwauliza masheikh, si seremala.

Wajukuu wangu wawili, wavulana, walalao godoro moja, ndio walioniingiza katika kazi ya kupekua ramani. Ziko tele, nyingi za Marekani, na picha zake zapendeza macho. Hapo ndipo pa kuwa na hadhari, ndugu msomaji.

Godoro la mtu mmoja la Marekani lina upana wa inchi 38 na urefu wa inchi 75. Letu tununualo madukani ni futi 3 kwa 6, yaani inchi 36 kwa 72. Ukiifuata ramani yao neno kwa neno, ubavuni patabaki nafasi ya inchi 2 na miguuni inchi 3. Godoro litatembea usiku, na mguu wa mtoto utaingia pale palipobaki wazi. Mbao nazo zina hadithi yake. Ile waiitayo mbili kwa nne huko kwao, ikisharandwa, ni inchi 1 na nusu kwa 3 na nusu. Yetu hutoka kwenye msumeno nzito kuliko hiyo, kwa hiyo vipimo vya matundu na bolti vyote huhama. Ramani haina kosa, ila yataka kupimwa upya kabla ya mbao kukatwa.

Lililonikalisha kitako zaidi ni ukingo wa juu. Marekani, tangu mwaka 2000, kanuni ya serikali yataka ukingo upite uso wa godoro kwa inchi 5 zisizopungua, uwe pande zote mbili, hata upande wa ukutani, kwani mtoto aweza kuteleza akabanwa kati ya kitanda na ukuta. Mianya nayo iwe myembamba, isifikie hata inchi 3 na nusu, kwa kuwa kiwiliwili cha mtoto hupenya kwanza, kisha kichwa kikanaswa. Na aliye chini ya miaka 6 asilazwe juu kabisa.

Sasa tufanye hesabu. Ramani moja niliyoipenda ilikuwa na ukingo wa inchi 9 kutoka kwenye chaga. Ukitia godoro la inchi 4, zabaki 5. Ukitia la inchi 6, zabaki 3. Ukijitutumua ukanunua la inchi 8 ili mtoto alale raha, umebakiwa na inchi 1, na hiyo haimzuii hata paka.

Seremala wangu hakuafiki. "Mzee, ukingo mrefu waharibu sura ya kitanda," aliniambia. Nikamjibu, "Fundi, sura na iharibike." Tukapatana inchi 12, na godoro la juu lisizidi inchi 4.

Ramani ya vitanda viwili vilivyopishana kama herufi L niliiacha. Hiyo yataka chumba cha mraba. Katika nyumba za mawe za Lamu, ambako upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kitanda cha kusimama wima kando ya ukuta ndicho kifaacho. Yenye ngazi za makasha ya nguo ni nzuri, lakini yala mbao nyingi.

Dari yangu iko futi 8. Godoro la juu litakuwa inchi 59 kutoka sakafuni, hivyo zabaki 37 za mtoto kuketi. Zatosha, lakini pangaboi limening'inia futi nzima chini ya dari! Hakuna ramani ya ng'ambo iliyonitajia jambo hilo. Kitanda kimesogezwa pembeni kabisa, mbali na mapanga yake.

Wala hakuna iliyotaja chandarua. Cha chini kitafungwa kwa kulabu chini ya mifumbati ya juu. Kwa cha juu, matendegu yamerefushwa yashike besera ndogo.

Viungo vyote ni vya bolti, maana msumari hulegea watoto wakipanda na kushuka, lakini bolti hukazwa tena. Isitoshe, watoto wakikua kitafunguliwa kiwe vitanda viwili. Vipago vya ngazi ni bapa, visiumize nyayo.

Mkubwa ana miaka tisa, naye ndiye wa juu. Mdogo ana mitano, na ameshahamishia mto wake huko juu katika mawazo yake. Atalala chini hadi mwakani, na nanaye amekwisha kuambiwa asimwonee huruma.