Papa, Mamba na Kobe: Watoto Wadogo na Kazi ya Kulinganisha Hadithi

Nikisema kwamba mtoto wa darasa la tatu anaweza kufanya fasihi linganishi, najua wapo watakaocheka. Sisi wenyewe hapa chuoni tunaisoma tukiwa watu wazima wenye ndevu, na bado inatutoa jasho. Lakini kabla ya kuja Chuo Kikuu nilifundisha shule za msingi, kwanza Handeni, baadaye Korogwe, na niliyoyaona huko ndiyo nakusudia kuyaeleza katika makala hii.

Nianze na kosa langu. Kule Handeni niliandika ubaoni: wahusika, mandhari, mgogoro, dhamira. Nikatoa na maana zake. Watoto wakakariri barabara, wakawa wanaziimba kama tebo. Kisha nikawasimulia hadithi mbili za Sungura na Fisi, nikauliza zinafanana wapi na zinatofautiana wapi. Kimya. Mwishowe mmoja akasema, "Zote zina wahusika, mwalimu." Sasa hapo utamkosoaje? Amejibu sawasawa, na hajasema kitu. Majina walikuwa nayo. Vitu vyenyewe hawajaviona.

Nilichojifunza ni kwamba anayeanza kulinganisha apewe hadithi zilizo karibu sana, zinazopishana mahali pachache. Zikipishana kila mahali, mtoto hana pa kushika. Basi Korogwe nikachukua kisa cha kima na papa, kilichomo katika Swahili Tales, hadithi za Unguja zilizokusanywa na Edward Steere na kuchapwa London mwaka 1870. Kima anamtupia papa matunda ya mkuyu, wanakuwa marafiki, papa anamwalika kwao na kumbeba mgongoni. Wakiwa katikati ya maji anamwambia kuwa sultani wa huko ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu: ungenieleza mapema, moyo nimeuacha mtini.

Sikufika mbali. Mtoto mmoja akauliza, "Papa ndo nani?" Korogwe ina Mto Pangani, bahari haina. Mwenzake, ambaye kwao ni karibu na mto, akamjibu kabla yangu: "Ni mamba yule, mwalimu kakosea."

Hakukosea yeye! Katika Panchatantra ya Wahindi mbebaji ni mamba, na mti ni mzambarau. Ibn al-Muqaffa alipoleta visa hivyo katika Kiarabu kutoka Kiajemi cha kale, karne ya 8, ndani ya Kalila wa Dimna mbebaji akawa kobe na matunda yakawa tini. (Mkuyu nao ni wa jamii moja na mtini, kwa hiyo hapo hatukwenda mbali.) Nikafuta ubao, nikachora safu tatu, nikauliza maswali ya kawaida tu: nani anabeba? Wapi? Mti gani? Nani anautaka moyo, na kwa nini? Waliokwama kwa Kiswahili niliwaacha waseme kwa Kisambaa au Kizigua, wenzao wakatafsiri. Wapo walimu watakaonilaumu kwa hilo, lakini mimi nilikuwa nafundisha hadithi.

Safu ya "kwa nini" ndiyo iliyoleta kelele. Kwa Steere moyo unatakiwa kwa ajili ya sultani. Kwa Wahindi na Waarabu, aliye nyuma ya jambo ni mke wa mbebaji. Msichana mmoja akasema, "Papa hana kosa, katumwa." Akarukiwa: "Si angekataa!" Mwingine akaona mamba ndiye mbaya zaidi, maana aliyemwomba ni mkewe tu, hakuwa na sultani wa kumtisha. Mwalimu mkuu akaja dirishani kuuliza kulikoni. Siku ile sikuandika neno dhamira, ila nawaambieni, lilikuwa likijadiliwa na watoto wa miaka tisa: ukibadili anayeagiza, hatia nayo inahama.

Vladimir Propp, katika kitabu chake cha mwaka 1928 juu ya ngano za Kirusi, anasema kinachodumu ni matendo, watendaji hubadilika. Nilikuwa namwamini moja kwa moja mpaka niliporudi Handeni wakati wa likizo, nikaomba kipindi kwa mwalimu mwenzangu wa zamani. Handeni ni nchi ya shida ya maji. Nikawaambia watoto waisimulie hadithi upya kwa mazingira yao. Wakamweka Fisi awe mbebaji, akatize naye porini kumpeleka kwa chifu. Ilikwenda vizuri mpaka pale Fisi anapotoa siri. Kijana wa nyuma akanyoosha mkono: "Kima si angeruka tu, akakimbia?"

Darasa likakwama. Bila maji kima hana sababu ya kudanganya, na bila uongo ule hadithi hakuna. Eti nami nilikuwa nimewafundisha kwamba mandhari ni "mahali hadithi inapotokea", basi! Wakabishana, wakajaribu usiku wa giza, wakakataa wenyewe. Mwisho wakaleta mvua ya masika: bonde limejaa, Fisi anaogelea na Kima mgongoni. Hapo ndipo nilipoandika neno mandhari ubaoni, na kengele ilikuwa imekwishalia.